Ntoto wa Jicho

Wenye kusamehe wasamehe, Mungu atawalipa. Mimi nilikuwa na kompyuta.

Ofisi yetu ilikuwa Machomanne, hapa Chake Chake, na watu hawakuchoka kututania kwamba mradi wa macho haukukosea mtaa. Ilikuwa nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili. Cha ndani alikaa Bwana Suhail, msimamizi wetu, kijana wa mjini Unguja mwenye viatu vinavyong'aa hata siku za mvua. Cha mbele tulikaa wawili: Safaa, aliyepokea wageni na maswali yao, na mimi Rahma, niliyekaa pembeni nyuma ya kioo cha kompyuta kilichonifunika mpaka puani. Kazi yangu ilikuwa majina.

Madaktari wageni walikuwa waje kufanya kambi ya kupasua macho. Walikuja kwa ugonjwa mmoja tu, mtoto wa jicho, ule ukungu unaotanda kwenye mboni mpaka mtu haoni kiganja chake mwenyewe. Lakini tangazo lilipofika kwenye shehia, kwa masheha wanaoongoza vijiji vyetu, lilikuwa limefupishwa njiani, likabaki "wenye matatizo ya macho". Wapemba waliitiwa macho, wakaja na macho. Walikuja wenye vikope, wenye chongo la tangu utotoni, wenye kutaka miwani ya kusomea msahafu, na mzee mmoja wa kisiwa cha Fundo aliyeandikisha "machozi bila sababu". Wote wakaingizwa kwenye jedwali moja refu, maelfu ya mistari, kila shehia na mwandishi wake, na kila mwandishi na imla yake.

"Rahma," Bwana Suhail aliniambia, "nataka mtoto wa jicho peke yake. Vyengine vyote toa."

Kuchuja jedwali si mbali na kuchuja tui. Unaipa kompyuta maneno, nayo inakuonesha mistari yenye maneno hayo na kuificha myengine. Ukitaka unageuza: inakuonesha ile isiyo nayo, unaiteua yote kwa mpigo, unaifuta, na kilichobaki ndicho tui lako. Chicha unawatupia kuku. Tatizo ni kwamba kompyuta haina busara hata chembe. Ukiiambia "mtoto wa jicho" inatafuta herufi hizo hizo, kama zilivyo, kwa mpangilio huo huo. Aliyeandikwa "mtoto jicho" ni chicha. Aliyeandikwa "m/jicho" kwa uvivu wa mwandishi naye ni chicha, hata kama haoni jua. Kwa hiyo kabla hujachuja unapita kwanza ukisafisha, unawasawazisha wote waandikwe namna moja, ndipo unakamua.

Nilisafisha siku nzima, ile kazi ya kuumiza shingo. Nikafika kwa akina ntoto.

Kwetu mtu ni ntu, mkono ni nkono, na mtoto ni ntoto. Skuli wanatufundisha M, nasi tunaiandika, kisha tukitoka darasani tunaiacha pale pale pamoja na chaki. Waandishi wengine wa mashamba waliandika kama walivyosikia. Bwana Suhail alipita nyuma yangu, akainama, akasoma, akacheka mpaka akashika meza. "Ntoto! Nyinyi Wapemba nyinyi!" Nikacheka naye, maana ndiye mkubwa wa kazi, ila moyoni nilimwambia akacheke kwao.

Nikaitaka kompyuta inioneshe akina ntoto wote. Wakaja, kioo kizima. Nikawa nawapitia kwa jicho kabla ya kuwabadilisha kwa pamoja, na kwenye kundi la shehia ya Pujini nikasoma: Tatu Nyange Ame, mwanamke, ntoto wa jicho, yote mawili.

Nikaondoa mkono kwenye meza. Nikausoma tena ule mstari, na mara ya pili nilihisi mdomo wangu unatabasamu bila kuniomba ruhusa.

Bi Tatu ni mama wa Masoud, na Masoud alikuwa mume wangu. Siku hizi yuko Maskati. Aliniacha kwa ujumbe wa sauti kwenye simu, mfupi kuliko tangazo la mazishi. Hilo sikulilia, mume ni kama kanga, hii ikichuja rangi unatafuta doti nyengine. Nilimlilia mtoto. Tuna mtoto mmoja, Yumna, na alikuwa kwangu, anasoma, analala ubavuni mwangu akinipiga mateke.

Sikukuu moja Bi Tatu akaja mwenyewe mpaka kwangu. Wakati huo alikuwa bado anaona. Alikuja na halua na maneno laini kuliko halua. "Nipe njukuu wangu ale sikukuu kwetu, kisha n'tamrejesha." Nikamtia mtoto mafuta, nikamsuka, nikamvisha gauni la manjano nililomshonea kwa mkono wangu. Sikukuu ikaisha. Mtoto hakurudi. Nikasubiri, nikasema labda ana homa, labda gari limekosekana, kisha nikamfuata Pujini.

Bi Tatu alinisimamia mlangoni, mkono huu kwenye mwimo huu na huu kwenye mwimo wa pili. Ndani nilimsikia Yumna ananiita. Majirani walishatoka vibarazani, na yeye alikuwa amengoja watoke. "Ntoto wa mwanangu," akasema. "Damu ya mwanangu. Weye rudi huko kwenye mashine zako, ukashinde na wanaume." Kisha akaingiza mkono nyuma ya mlango akatoa gauni la manjano, limekunjwa vizuri kabisa, akanirushia kifuani. "Na nguo yako hii hapa. Kwetu ntoto hakosi cha kuvaa."

Lile gauni ndilo lililoniua. Wazee wakaniambia nistahamili, tumsubiri baba yake aje. Baba yake haji. Nilimtuma mjomba wangu akazungumze, akarudi ameshiba chai na hana mtoto. Nilikwenda mwenyewe mara nyengine na nyengine, mlango ukafungwa kabla sijafika uani. Na siku niliposikia kwamba Bi Tatu macho yanamwishia, nilisema Alhamdulillahi kwa sauti, jikoni kwangu, na sikuona haya.

Sasa jina lake lilikuwa mbele yangu, mstari mwembamba wa herufi nyeusi, na kidole changu juu ya batani. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Yangu ilikuwa mkononi.

Nikasema kimoyomoyo: alitaka mtoto, huyu. Basi abaki na mtoto.

Nikacheka peke yangu. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu sikukuu ile. Safaa akageuka. "Wacheka nini, shoga?"

"Nacheka herufi," nikamwambia.

Nikawabadilisha akina ntoto wote kwa mpigo mmoja, wakawa mtoto wa jicho, wa Pujini, wa Fundo, wa kila mahali. Kisha nikarudi kwenye mstari ule mmoja. Nikafuta M. Nikaandika N. Sikumwongezea kitu, sikumpunguzia kitu. Nilimrudishia alichosema mwenyewe kwa ulimi wake. Akitokea wa kuuliza, karatasi ya sheha ipo, imeandikwa N, na ofisi haina lawama.

Nikaligeuza chujio: nioneshe wasio na "mtoto wa jicho". Chicha ikajitokeza yote, vikope, chongo, miwani, machozi bila sababu, na katikati yao Tatu Nyange Ame. Nikaiteua. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Sijapata kuulizwa swali jepesi kama lile.

Jioni nilinunua samaki wawili, changu wabichi, nikapika mchuzi wa nazi, nikala mpaka nikalegea. Wanaosema kisasi hakishibishi hawajakipata kikiwa cha moto. Raha yangu ilikuwa na kasoro moja tu: hakuna aliyejua. Nilitamani Bi Tatu ajue kwamba ametendwa, ahisi mlango umefungwa usoni pake kama nilivyouhisi mimi, lakini asijue mkono wa nani umeufunga. Nilitaka nimwone akiomba.

Mungu akanipa hilo pia. Sijui kama lilikuwa zawadi.

Majina yalibandikwa kwenye shehia. Asubuhi moja baadaye, Safaa anafungua madirisha, nikasikia nje, "Hodi hapa." Ile sauti niliijua kabla ya mlango kujaa kivuli. Bi Tatu aliingia na buibui lake, ameinama kidogo, mguu ukipapasa kizingiti, na mkono wake wa kulia uko juu ya bega la mtoto.

Yumna alikuwa amerefuka na amekonda, shingo imekuwa nyembamba, kandambili za mtu mzima miguuni. Zilikuwa saa za skuli na hakuwa na sare. Niliona hilo na halikuniingia; niliona uso tu. Naye akaniona. Macho yakamtoka, mdomo ukafunguka, nami nikaweka kidole midomoni. Nyamaza.

Mtoto wangu akanyamaza. Tulikuwa hatujaonana tangu sikukuu ile, na bado alinielewa kwa kidole kimoja. Nilijivuna, Mungu anisamehe, nikajikunja nyuma ya kioo changu nisikilize.

"Asalaam alaykum."

"Waalaykum salaam. Shikamoo bibi," Safaa akamwambia. "Karibu, kaa hapa."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukaa. Nimekuja kuulizia jina langu. Mwatima jirani yangu yumo. Nke wa kaka yake yumo. Hata Jaribu, mwenye jicho moja zima, yumo. Miye mwenye mabovu yote mawili simo. N'na kosa gani?"

Safaa akamuuliza majina yake matatu na shehia yake, akayatafuta kwenye karatasi zake, akapita kidole juu hadi chini. "Pujini... Kweli, bibi, hayumo Tatu Nyange."

"Na n'liandikwa. N'likaa mbele ya kijana yule, akan'uliza, n'kan'jibu."

"Majina yameshapelekwa kwa madaktari, bibi yangu. Inshaallah kambi nyengine. Labda mwakani."

Mkono wa Bi Tatu ulipapasa hewani ukitafuta kiti, Yumna akausogeza mpaka kwenye mgongo wa kiti, bibi akakaa. Nami nilikuwa nakunywa kila kitu: ule mkono unaopapasa, ile kanga ya kichwa iliyofungwa upande kwa kuwa hakuna kioo kinachomsaidia. Nilisema moyoni: kaa hapo. Hivyo ndivyo mtu anavyoachwa mbele ya mlango.

Nilitegemea atatukana. Namjua, ana mdomo wa kumwagia watu maji machafu. Badala yake akashusha sauti.

"Mwakani mbali, mwanangu. Na si kwa ajili yangu. Miye dunia n'meshaiona, na mengi n'kiyaona n'tayachukia. Kwa ajili ya huyu." Mkono ukapanda kichwani kwa Yumna. "Huyu ndo macho yangu. Kisimani yeye, chooni yeye, kuwasha moto yeye. Skuli kaacha, nani atan'ongoza nchana? Akipata nafasi anakwenda nyuma ya nyumba kumlilia mamaake. Adhani bibi akiwa kipofu ni kiziwi vilevile."

Yumna aliangalia sakafu.

"Miye na mamaake hatupatani," Bi Tatu akaendelea. "N'lin'tenda vibaya nami n'kafurahi, siongopi. Lakini ntoto huyu anakwisha. N'meweka nadhiri, mwanangu, mbele ya sheha na mbele ya Mwatima: siku n'kiona, siku hiyo hiyo ntoto anarudi kwa mamaake, na n'tan'shika nkono miye mwenyewe n'mpeleke. Nadhiri si nchezo. Basi n'angalilie tena. Pengine jina limejificha."

Utamu wote uliokuwa mdomoni mwangu ukageuka shubiri. Herufi moja. Kati yangu na mwanangu palikuwa na herufi moja, na nilikuwa nimeiandika mwenyewe nikicheka. Niliifungua nakala ya jedwali la awali, ile isiyochujwa, nikakosea jina mara mbili, nikampata Tatu Nyange Ame, nikamnakili, nikamrudisha mahali pake chini ya Mwatima. Nikafuta N. Nikaandika M. Makosa ya uandishi tuliruhusiwa kuyasahihisha mpaka siku ya kambi. Hilo halikuwa na shida. Nikachana kipande cha karatasi nikamwandikia Safaa: Mwambie ni kosa la uandishi. Nimemrudisha. Yumo.

Safaa akasoma, akanitazama kwa mshangao, akageuka. "Bibi! Habari njema. Mwenzangu hapa ameliona kosa kwenye mashine, amelisahihisha."

Uso wa Bi Tatu ukachangamka. Kisha ukatulia. Akageuza kichwa upande wangu, taratibu, kama mtu anayenusa moshi.

"Mwenzio yupi?"

Safaa akababaika.

"Mna ntu mwengine humu ndani? Tangu n'ingie hajan'salimu. Nzee kaingia, katoa salamu, na yeye kakaa kimya." Akatikisa kichwa. "Kwetu ntu asiyesalimia nzee ama hana kwao, ama ana lake. Yumna."

"Bee."

"Nani kakaa hapo?"

Yumna akanitazama. Kidole changu kilikuwa kimerudi midomoni chenyewe, sikukituma. Mtoto akakitazama kidole, akamtazama bibi yake, akanitazama tena, na niliona machozi yanamjaa kwa sababu ya kile nilichokuwa namtaka afanye.

"Macho yangu hayajan'danganya hata siku moja," Bi Tatu akasema, na akasema kwa upole. "N'ambie, njukuu wangu."

"Mama," Yumna akasema.

"Mama nani?"

"Mama yangu."

Nikasimama. "Shikamoo mama," nikasema, maana hayo ndiyo maneno niliyodaiwa tangu aingie.

Hakuitikia. Alikuwa anapanga mambo kichwani, moja juu ya jengine, nami nilimwona akiyapanga.

"Ni weye unayeandika majina."

"Ni kosa la herufi tu, mama. Kijana wa Pujini kaandika N badala ya M, na kompyuta haijui, ikaona..."

"Na Mwatima?"

Nikakishika kitambulisho changu shingoni.

"Mwatima kaandikwa na kijana yule yule, mahali pale pale. Kasema ntoto wa jicho, nami n'kasema ntoto wa jicho. Ulimi wetu mmoja. N yake imeonekana, yangu ikapotea?"

Safaa alinitazama. Ningeweza kusema kweli, ningeweza kumtajia Bi Tatu gauni la manjano, mlango, majirani vibarazani. Nilichosema ni, "Nimekurudisha. Wallahi nimekurudisha, mama, jina lako limo sasa hivi. Siku ya kambi nitakuja kukuchukua mwenyewe kwa gari."

"Rahma," akasema, na hilo ndilo jina langu ambalo hakulitaja tangu Masoud aniache. "Nadhiri yangu n'liisema vipi?"

"Ukiona."

"N'kiona. Sikusema n'kipata gari, wala n'kiombwa radhi. N'kiona." Akashika mgongo wa kiti, akainuka. "Basi sioni."

"Mama, usijitie upofu kwa sababu yangu!"

"Si weye ulotaka nikae na ntoto?" Na hapo akatabasamu, tabasamu lile la mlangoni, halikuchakaa hata kidogo. "N'takaa naye. Wa jicho n'takaa naye, na wako n'takaa naye. Wote wawili wangu."

Ilikuwa mzaha wangu mwenyewe. Sikuwahi kumwambia mtu, hata Safaa. Hakuusikia popote, aliuokota kwenye lugha pale pale nilipouokota mimi, maana sote wawili tumelelewa na maneno mamoja na roho moja mbaya.

"Yumna, n'ongoze."

Yumna akamshika mkono. Hakuniaga. Alitembea kinyumenyume hatua chache, macho yako kwangu, mpaka bibi yake alipomvuta, akageuka mbele kwa kuwa mtu anayeongoza kipofu lazima atazame njia.

Niliwafuata mpaka barabarani. Nilimshika Bi Tatu buibui, nikapiga magoti kwenye vumbi la Machomanne mbele ya mwenye kibanda cha juisi ya miwa na wateja wake, mimi mtu wa ofisi, nimevaa kitambulisho shingoni. Nilimwita mama, nilimwita bibi, nilimwomba kwa jina la Mtume. Na nilimchukia wakati ule kuliko siku ya mlango, na kila neno la kubembeleza nililitoa kwenye chuki hiyo hiyo.

"N'achie," akasema chini chini. "Miye sioni, lakini watu wanakuona."

Nikaachia. Bodaboda ikasimama, Yumna akampandisha bibi yake, akamweka miguu mahali pake mmoja baada ya mwengine, akapanda nyuma, wakaondoka.

Kazi sikufukuzwa. Safaa hakusema kwa Bwana Suhail, ila tangu siku ile ananiita Rahma, haniiti shoga. Mstari niliuacha pale pale nilipouweka. Nilikuwa naufungua kila nikifika ofisini, nautazama, kana kwamba jina likiwapo ndani ya jedwali basi mtu naye atakuja. Nilijiambia Bi Tatu ni mtu wa hasira za moto wa makuti, unawaka sana kisha umekwisha. Nilijidanganya. Kama ni makuti, mimi na yeye tusingefika pale.

Siku ya kambi nilisimama kwenye baraza la hospitali na karatasi zangu nikiita majina. Walikuja wa Fundo wakiwa bado na chumvi kwenye miguu, wakaja wa mashamba na vikapu vya chakula, wakaja watu wa Pujini kwa gari zima. Niliita Tatu Nyange Ame. Nikaita tena, nikitazama getini. Nikaita mara ya tatu kwa sauti iliyofanya watu wageuke.

Bi Mwatima ndiye aliyenijibu, alipotoka na bandeji jichoni, anashikwa mkono na mwanawe. "Usin'ite, mwanangu, haji. Tumembembeleza mtaa mzima, na sheha kan'bembeleza. Anasema yeye macho anayo."

"Na Yumna?"

"Yupo," Bi Mwatima akasema. "N'memwacha kisimani."

Kambi ikaisha, madaktari wakapiga picha na kuondoka. Bwana Suhail akatokea nyuma yangu na kikombe chake cha chai. Alifurahi sana, kazi ilikwenda vizuri, wakubwa wamesifu, na mimi alinisifu kwa kuwarudisha akina ntoto.

"Sasa malizia, Rahma. Wasiofika watoe, nataka jedwali safi kwa ripoti."

Nikaichuja safu ya mwisho: nioneshe "hakufika". Walikuwa wachache. Mmoja alifariki kabla, mmoja alisafiri Tanga, wawili waliogopa kisu. Wa mwisho alikuwa wa Pujini, mwanamke. Niliusoma mstari wake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, nikitafuta kosa, na haukuwa na kosa hata moja. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika.

Uliandikwa kwa M, mtoto wa jicho, sawasawa kabisa. Nikaufuta.